Barua Niliyojiandikia kwa Jina la Mwalimu

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa natamani kufunika uso kwa leso. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwa Mwalimu Asava, kule Makadara. Nyanya yako alikuwa kando yangu, kikapu chake cha ndizi miguuni, na Mwalimu alikuwa akisoma kwa sauti barua ya kumpendekeza mwanafunzi wake mmoja kwa chuo kikuu cha Uholanzi. Mwanafunzi huyo nilikuwa mimi. Na aliyeiandika barua hiyo nilikuwa mimi pia.

Nitakueleza polepole. Kwanza univumilie nikikuita mwanangu. Kwa umri hatupishani sana, tungeweza hata kuazimana viatu, na najua ukiwa na marafiki zako unanitaja kwa jina. Lakini mimi ni dada ya baba yako, na kwetu senge, yaani shangazi, ndiye anayetumwa kumwambia msichana mambo ambayo mama yake akiyasema watagombana. Majuzi uliniandikia kwamba unaomba nafasi chuoni Ufaransa, na kwamba mwalimu wako amekuambia uandike mwenyewe barua ya kukupendekeza, yeye atatia sahihi. Ukaniuliza kama bado ninayo yangu ya zamani, uiige. Nimechelewa kukujibu kwa sababu wajua nilivyo. Hata salamu sizitumi kabla sijazisoma tena na tena.

Wakati ule nilikuwa kibarua kiwandani, Industrial Area, mahali wanapotia vitambaa rangi. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na alama nzuri ya kemia, lakini katika vyuo vya nyumbani nafasi niliyopata ilikuwa ya kozi ambayo hata kuitamka sikupenda. Kazini nilichota rangi kidogo kutoka kila pipa, nikaipeleka maabara, nikasubiri mlangoni niambiwe kama iko sawa. Yaliyokuwa yakifanyika nyuma ya ule mlango ndiyo niliyotaka kuyajua. Basi nikaanza kujisomea kwa simu wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya marobota: kwa nini rangi hii hutoka ikifuliwa na ile haitoki, kwa nini maji ya chumvi hubadilisha mambo. Hakuna aliyenifundisha. Na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake, mwanangu. Hajui kamwe kama anajua. Hana wa kumwambia, "Hapo umefika, endelea." Kwa hiyo anarudi mwanzo, kila siku anarudi mwanzo.

Chuo cha Uholanzi kilikuwa na masomo yenyewe hasa, kemia ya rangi na nguo, pamoja na ufadhili kwa wanafunzi wa kutoka nje. Walitaka barua yangu mwenyewe na barua ya mwalimu aliyenifundisha sayansi. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Ikipita, basi, na kiwandani walikuwa wameanza kupunguza vibarua, na kanisani kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimsifia nyanya yako kijana fulani wa Vihiga, mwenye duka la dawa anayetafuta mke, kila Jumapili.

Mwalimu Asava nilipomwomba alinijibu kama wanavyojibu wote: "Andika, uniletee nitie sahihi na muhuri." Hakuwa mtu mbaya. Hivyo ndivyo kazi hiyo inavyofanywa kwetu. Mwalimu ana madaftari yamejaa mpaka dirishani, meneja ana simu kila sikio, mchungaji ana mazishi. Mtoto anajiandikia, mkubwa anaweka jina.

Sasa jaribu kukaa ujisifu kwa mdomo wa mtu mwingine. Niliandika "ana akili", nikafuta. Sisi tumelelewa kwamba anayesimama kutoa ushuhuda huanza kwa kusema yeye si kitu. Nikaandika "ana akili ya kadiri". Nikaandika "ana bidii", nikakumbuka asubuhi niliyochelewa gwaride, nikaiongeza hiyo asubuhi ili barua iwe ya haki. Nikaongeza chupa niliyovunja maabara. Nikaongeza kwamba nina woga wa kuzungumza mbele ya watu, lakini ninajitahidi. Nilipomaliza niliisoma nikaridhika, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani yake.

Baba yako wakati huo alikuwa anauza viatu vya mitumba hapo nje, mbele ya nyumba zetu za Mbotela. Aliisoma akiwa amesimama, kiatu kimoja mkononi.

"Sista," akaniambia, "hii unapeleka Uholanzi ama kwa hakimu, koti ya Makadara?"

"Wacha utani."

"Sitanii. Hapa umejishika, umejishtaki, imebaki tu kujifunga."

Nikamwambia hajui mambo ya vyuo. Akacheka, akarudi kwa mteja wake, nami nikaenda kuichapisha vilevile ilivyokuwa.

Nyanya yako alikataa niende peke yangu kutiliwa sahihi. Kwetu mtu haendi kumwomba mzee kitu mikono mitupu, na binti haendi bila mtu mzima kando yake. Ndiyo maana alikuwepo, na ndizi zake, Mwalimu alipovaa miwani na kuanza kusoma. Alisoma Kiingereza mstari wa kwanza, wa pili, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mama," akamwambia nyanya yako, "wacha nikusomee kwa Kiswahili. Inasema mtoto wako ni wa kadiri."

"Nani amesema?"

"Mimi. Jina langu liko hapa chini, linangoja sahihi. Nasema ni wa kadiri, huchelewa, na ameniharibia vyombo."

Nyanya yako akalivuta kapu la ndizi karibu na miguu yake. Nakuambia kweli, alilivuta. "Mwalimu," akasema, "miaka yote hii nakusalimia kwa heshima, kumbe hivyo ndivyo unavyomwona mtoto wangu?"

"Muulize yeye kama ndivyo ninavyomwona."

Ikabidi niseme. Nilisema nikitazama zulia kwamba niliyeandika ni mimi, na kwamba sikutaka kumtia Mwalimu katika uongo. Mwalimu ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti.

"Unadhani huu ni unyenyekevu?"

"Nilitaka kuwa mkweli, Mwalimu."

"Ukweli wa nani? Wako au wangu? Hapa pameandikwa 'mimi, mwalimu wake, nimemwona'. Mimi nilikuona ukirudia jaribio la asidi wakati wenzako wote wamenakili jibu la meza ya mbele na kwenda kula. Jibu lako halikufanana na lao, ukaliandika vilevile, ukapoteza alama. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiwaza juu yako. Liko wapi hilo kwenye barua?"

Siku hiyo ya asidi, mwanangu, nilikuwa nimeihesabu miongoni mwa aibu zangu. Nilidhani nimekosea kupima.

"Hukuliandika kwa sababu hulijui," akasema. "Mimi ndiye ninayelijua. Basi nani alikuruhusu kwenda Uholanzi kuwaambia kwamba mimi Asava sikuona kitu?"

Kisha akaweka barua mezani, akavua miwani. "Sisi watu wa magharibi ya nchi tuna tabia moja. Mtu akifa tunakaa matanga mpaka kuche, kila mmoja anasimama kumsifu, hata waliomdai. Akiwa hai tunamwambia asijione. Huyu msichana hapa, akienda leo..."

"Shetani ashindwe!" Nyanya yako alikwisha kusimama. "Mwalimu, usitaje matanga na mtoto wangu amekaa hapa! Ashindwe kabisa!"

"Samahani, mama. Keti. Nasema tu."

"Sema bila kumuua."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka pia, machozi yakiwa karibu. Lakini kicheko kilipoisha uso wake ulikuwa umebadilika. Aliichukua tena ile barua, akaigeuza upande usio na maandishi, kana kwamba kulikuwa na kitu nyuma.

"Kosa hili lilianzia kwangu," akasema. "Nimetia sahihi barua nyingi za namna hii. Wenye mdomo walikuwa wakijisifu mpaka naona haya kwa niaba yao. Na waliokuwa kama wewe... Sikuwa nasoma, unajua. Nilikuwa naweka muhuri tu."

Nadhani alikuwa anaona sura za watoto ambao mimi siwajui, waliotoka kwake na barua kama yangu, imepigwa muhuri safi kabisa. Nyanya yako alilisukuma kapu la ndizi mpaka kwenye meza yake, taratibu.

"Nitaiandika mimi," akasema Mwalimu. "Na hutaiona. Hao watu wakinitumia nafasi ya kuiweka kwenye mtandao wao, nitaiweka mwenyewe."

Ungedhani hapo nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hofu kubwa kuliko niliyokuja nayo. Barua mbaya niliyoandika mwenyewe niliijua kila mkato wake. Hii nisingeijua kabisa, na maisha yangu yote yalikuwa yanaitegemea. Kesho yake, baada ya ibada, nilikuwa tena kwenye lango la Mwalimu.

"Mwalimu, sitasoma maneno. Ningeangalia nukta tu."

"Nukta zangu zina umri mkubwa kuliko wewe. Rudi nyumbani."

"Je, kama umesahau jina la kozi?"

"Salimia mama yako." Akafunga lango.

Jumatatu baba yako alifunga biashara mapema akanipeleka kwenye saiba ya Jogoo Road, duka la intaneti, kwa sababu aliniona nikizunguka mezani na chai ikipoa. Kule chuoni utaratibu ni kwamba mwombaji atume sehemu yake kwanza, ndipo mwalimu apate njia ya kutuma yake. Nikaifungua barua yangu mwenyewe. Nikaona sentensi ya kwanza ina kasoro. Nikairekebisha, ya pili ikaonekana mbaya.

"Sista, bonyeza."

"Ngoja kidogo."

"Mwalimu amekaa na simu mkononi huko kwake anakungoja wewe. Mzee mzima! Bonyeza, ama nibonyeze mimi, na mimi vidole vyangu vina gundi ya viatu."

Nikabonyeza nikiwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, nikasoma tena nilichotuma, nikakuta neno moja nimeliandika mara mbili katika aya ya kwanza kabisa. Baba yako ni shahidi: nililia pale saiba hadi mwenye duka akanipa kiti kingine, akidhani nilichokalia kina msumari.

Walinikubali. Sitakuficha kwamba nilikaa muda mrefu nikiamini wamekosea, kwamba kuna msichana mwingine mahali fulani mwenye jina kama langu anayelia. Hata nilipofika kule, na koti la kuazima na masanduku yaliyofungwa kamba na nyanya yako, nilikuwa nangoja mtu aje aniambie kuna hitilafu. Wiki za mwanzo mhadhiri wetu mmoja, mama mrefu mwenye mvi, alinikuta maabara nikirudia kipimo baada ya wenzangu kuondoka. Nikaanza kumwomba radhi kwa kuchelewa kumaliza. Akanitazama, akaniambia, "Mwalimu wako anakujua sana."

Ningeweza kumwuliza aliandika nini. Nilikuwa na swali hilo mdomoni. Lakini nilijikuta nasema tu, "Ndiyo, ananijua," na nikageukia kipimo changu.

Sasa, mwanangu, jibu la swali lako. Barua yangu ya zamani sikutumii. Hata ingekuwa nzuri nisingekutumia. Nenda kwa mwalimu wako. Usiende peke yako, mwombe mama yako akusindikize, hata kama asubuhi hiyo mmegombana. Mwambie mwalimu kwa heshima kwamba unaomba aandike yeye, kwa maneno yake, yale aliyoyaona kwa macho yake. Akisema hana muda, mwambie utarudi, na urudi. Mpelekee jina la kozi, siku ya mwisho na njia ya kutuma, vitu hivyo ni kazi yako. Lakini usimpelekee sifa zako, na usimpelekee makosa yako. Si juu yako kuyapima ukiwa umeshika kalamu yake. Na kama kweli hakuna alichokiona, tafuta mwingine aliyekuona. Yuko. Mtoto wa Mbotela haishi bila kuonwa, wewe unajua tunavyochunguliana kule.

Barua yako mwenyewe iandike vizuri, isahihishe, kisha iachie. Nakuambia jambo ambalo mimi bado linanishinda. Hata haya ninayokuandikia nimeyarudia, na nikiyatuma nitakuta neno limezidi mahali. Acha lizidi. Ukipata kasoro baada ya kutuma, cheka, kisha nipigie simu tucheke pamoja.

Na Mungu wa nyanya yako, anayesikia hata zile sala tunazoanza kwa kusema hatufai, akutangulie ofisini kwa mwalimu wako na kwa hao wasomi wa Ufaransa. Akupe watu wanaotazama vizuri, nawe akupe moyo wa kukaa kimya wakikusema mema. Nenda, binti yetu, uende kwa amani.

Senge yako