Nilichora Ukuta Usiokuwepo, Shangazi Akafukuzwa Kibanjani

Mwenye makosa ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema zama zile zilikuwa hivyo, amri ilitoka juu, ujamaa ulikuwa na makali yake. Hapana! Ujamaa haukushika kalamu. Kalamu niliishika mimi, na hakuna aliyenishikia mkono.

Jina langu silitaji. Nimezeeka, naishi Kashai, chumba cha kupanga. Majirani wanajua nilikuwa mchora ramani wakati wa ujana wangu na wananisifia. Wakinisifia natamani kuwafukuza.

Wakati huo nilikuwa katika ofisi moja ya ujenzi mjini Bukoba. Nilikuwa nimetoka shule juzijuzi, najua rula na bikari, basi nikajiona nimemaliza dunia. Kijana akipewa meza na kiti cha serikali huwa hasikii la mtu!

Kwetu ni upande wa Muleba, si mbali na Nshamba. Palikuwa na gofu la jumba la chifu wa zamani. Machifu walishaondolewa baada ya uhuru, mabati yakabebwa, milango ikabebwa, zikabaki kuta za mawe na magugu. Afisa mmoja akaja na wazo kwamba jumba la kabaila lifufuliwe liwe la wananchi, huku zahanati, huku ghala la kahawa. Nikatumwa nikapime gofu hilo na kuchora jumba lilivyokuwa siku zake.

Nilifurahi mno, maana nyuma ya gofu hilo ndipo alipoishi shangazi yangu.

Shangazi huyu ni dada wa baba. Mumewe alikuwa mpishi wa chifu, na chifu alimpa kibanja pale nyuma, akawa mpangaji kama wapangaji wengine wa nyarubanja, yaani ardhi ya machifu iliyolimwa kwa kodi. Serikali ilipofuta nyarubanja, kibanja kikawa cha shangazi, mjane sasa, na mumewe amezikwa humo humo katikati ya migomba kama ilivyo desturi yetu. Nilipokuwa nasoma Nshamba nililala kwake. Matoke yake ndiyo yaliyonifikisha kwenye hiyo rula niliyokuwa naringia.

Alinipokea kwa akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo kwetu mgeni hanyimwi. Kisha akajifunga khanga kiunoni akanishikia ncha ya tepu. Siku nzima! Mimi navuta, yeye anashika, huku ananieleza: hapa walikaa wageni, hapa lilikuwa jiko, hapa mume wangu aliungua mkono.

Upande wa kushoto jumba lilikuwa na ubavu uliotokeza nyuma. Upande wa kulia hapakuwa na kitu, isipokuwa migomba ya shangazi. Nikamuuliza kama hapakuwahi kuwa na vyumba. Akasema hapana, jumba liliishia kwenye kona ya jiko, na kutoka kwenye kona hiyo mpaka kwenye mlamula ndio ulikuwa mpaka wa kibanja chao tangu siku alipoolewa. Mlamula ni ule mti tunaopanda mipakani, kila Mhaya anaujua.

Nikaandika kwenye daftari. Niliandika maneno yake yote! Kwa hiyo sina pa kujificha.

Niliporudi Bukoba nikaanza kuchora. Jumba lenye ubavu mmoja likanikera. Shuleni nilifundishwa kwamba nyumba ya heshima ina pande mbili zinazolingana, na mimi, mtoto wa juzi, nikaona chifu asingejenga vibaya kuliko kitabu changu. Nikauongeza ubavu wa kulia.

Nisikilizeni hapa, maana dhambi yenyewe iko hapa. Katika kazi yetu, ukuta uliouona unauchora kwa mstari mzima. Ukuta unaoukisia tu unauchora kwa mstari wa vipande vipande, ili anayesoma ajue kwamba mchoraji anabahatisha. Ubavu ule niliuchora kwa vipande. Mpaka hapo nilikuwa bado mtu.

Afisa akaja, akaitazama ramani, akauliza vipande vile ni vya nini. Nikamweleza. Akakunja uso. Akasema wakubwa wakiona hivi watadhani hatujui tunachofanya, niviunganishe. Halafu akaanza kunizungumzia habari za nafasi ya masomo ng'ambo, kwamba jina langu analo mezani.

Nikachukua wino nikaviunganisha. Haikufika hata saa moja. Nakumbuka nilipiga mluzi. Mpumbavu mimi!

Ramani ikapelekwa kijijini, ikabandikwa kwenye ukuta wa darasa, mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti akasoma hoja vizuri kabisa. Kibanja cha mama ni chake, hakuna anayemnyang'anya. Lakini boma la chifu ni mali ya kijiji, na kwa mujibu wa ramani ya wataalamu, nyumba ya mama pamoja na sehemu kubwa ya migomba yake imekaa juu ya ubavu wa kulia wa boma. Atapewa mahali pengine.

Kwa mujibu wa ramani ya wataalamu! Mtaalamu nilikuwa nimekaa benchi la mbele na viatu vilivyopigwa rangi.

Shangazi akasimama. Hakupaza sauti, akaanza na waitu, neno letu la heshima.

"Waitu ndugu mwenyekiti, nimelima pale tangu nilipoolewa. Jembe langu halijawahi kugonga jiwe."

Kuna watu walicheka. Sikuwafahamu wakati ule, na hata leo ningependa kuwafahamu niwazabe vibao, ingawa kibao cha kwanza kilistahili shavu langu. Maana alichosema ndicho kipimo cha kweli kuliko tepu yangu. Msingi wa mawe haukai chini ya migomba miaka yote hiyo bila jembe kuugonga.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisita, akanigeukia.

"Ndugu mchora ramani, wewe ndiye uliyepima. Msingi upo, au haupo?"

Afisa alikuwa pembeni yangu. Shangazi alinitazama ametulia kabisa, hana hata wasiwasi. Kwa nini awe na wasiwasi? Alishika tepu yeye. Mtoto wake yuko hapa, atasema.

"Upo," nikasema.

Neno moja tu. Shangazi akaketi. Hakulia wala hakunitukana, na mpaka leo namkasirikia kwa kutonitukana.

Wiki haikuisha, migomba ikafyekwa, nyumba ikabomolewa, watu wakaanza kuchimba mitaro. Walichimba mpaka kiunoni. Hawakukuta jiwe hata moja! Wachimbaji wakaulizana chinichini msingi uko wapi, lakini hakuna aliyethubutu kuihoji ramani. Kaburi la mume wa shangazi walilikwepa, likabaki limezungukwa na mitaro. Baada ya muda afisa akahamishwa na mradi ukafa. Mitaro ikajaa maji, vyura wakahamia. Ya masomo ng'ambo sikuyasikia tena, na ndivyo nilivyostahili.

Shangazi alikataa mahali alipopewa. Alikwenda kuishi kwa binti yake aliyeolewa huko Rubafu. Nilimtembelea mara moja, nimebeba sukari na sabuni kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Akanikaribisha, akanipa akamwani ile ile. Nilipokuwa naaga ndipo akaniuliza. Hakujua kusoma, lakini siku ile ya kupima aliuona mkono wangu ukiandika.

"Mwanangu, kwenye daftari uliandika nini?"

Nikatazama chini, nikaondoka. Ningeweza hata siku ile kwenda kwa mwenyekiti nikasema nilidanganya. Sikwenda! Niliogopa kazi yangu.

Alifia Rubafu, na mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani, akazikwa huko huko, kwenye kibanja cha wakwe wa binti yake. Mwanamke aliyekuwa na kibanja chake na mume wake ndani yake, amelala kwa watu. Kaburini nilinyoosha mkono nichukue udongo. Baba yangu akanishika kifundo cha mkono, akaniambia taratibu niache. Hatukuongea vizuri tena mpaka naye akaondoka duniani.

Mtaniuliza kwa nini nasema leo. Kwa sababu wamekuja tena!

Mwezi uliopita binti mmoja, msanifu wa majengo, mstaarabu na mwenye heshima zake, alinitafuta mpaka Kashai. Wanataka kulifufua lile jumba kwa ajili ya watalii. Akanionyesha nakala ya ramani yangu, akaniambia, "Shikamoo mzee, kazi yako imetusaidia sana." Amelichora jumba upya kwa rangi, zuri kweli, na ubavu wa kulia umesimama juu ya kaburi la mume wa shangazi.

Nikamwambia ubavu ule haukuwepo. Akauliza kwa upole nina uthibitisho gani, kwa kuwa kwenye ramani ni mstari mzima. Daftari lilishapotea zamani. Nikajikuta nasema jembe la shangazi yangu halikuwahi kugonga jiwe. Akatabasamu, lile tabasamu mnalotupa sisi wazee, akafunga kompyuta yake. Hasira iliyonipata sikuwa na wa kumrushia, maana ramani aliyoiamini ni yangu.

Basi ninyi mnaoshika rula, usichokiona kiache na vipande vyake, hata bosi akinuna. Na ukisimamishwa mbele ya watu ukaulizwa, sema haupo. Kazi utapata nyingine.

Na ninyi wa Nshamba, wakija na ramani ile, waambieni ni ya uongo, na kwamba mwongo mwenyewe amekiri. Kaburi liko mita kumi na mbili kutoka kona ya jiko, kuelekea kwenye mlamula. Hilo nililipima kweli, na ncha ya tepu alishika shangazi.