Babu Anasikia Baridi

Mti wa muhuhu ukichongwa hunukia utamu, na harufu hiyo ilijaa uani kwetu, bara ya Malindi, msimu ule babu alipomtokea bibi ndotoni akilalamika baridi. Kwetu Wagiriama, mzee wa daraja la juu kama lake akilalamika hivyo baada ya kufa, hujibiwa upesi. Wazee walimchongea kigango, nguzo ya mti yenye kichwa cha duara na kifua cha nakshi za pembetatu, wakakisimika kando ya nyumba. Bibi akamfunga vitambaa kiunoni, akammwagia tembo la mnazi. Kigango haking'olewi. Hata ukoo ukihama, huachwa palepale kioze. Kuoza ndiko kupumzika kwake.

Nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza, na Kiingereza kilinivimbisha kichwa. Alipokuja mnunuzi wa vigango na gari lake, mkalimani nikawa mimi. Bibi alimtazama mgeni tangu viatu hadi kofia, akasema, "Mwambie huyo ni mume wangu. Kama anataka mume, akatafute wake." Wanawake wakaangua kicheko. Nilitafsiri sawasawa. Lakini nilipomsindikiza garini aliniuliza, kama mtu anayepiga soga tu, ni siku gani nyumbani hakuna watu. Nikamjibu kwa sentensi ndefu, nzuri, kwamba Jumatano sote huenda sokoni. Akanisifu matamshi.

Jumatano tuliporudi tulikuta shimo, na vitambaa vimetupwa pembeni kama maganda. Bibi alipiga magoti, akatia mkono shimoni hadi kwenye kiwiko. "Wamemvua nguo na baridi yote hii," akasema. Hakuuliza nani aliyewaambia. Nami sikusema hadi akafa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na siiombi.

Jirani yangu hapa Al Baraha, Uarabuni ninakozeekea, ni Mkazaki; husema kwao nyikani hujengwa kibanda cha magogo juu ya kaburi, kikaachiwa upepo na theluji hadi kianguke chenyewe. Hakuna anayeokota hata kipande. Nikimsikiliza nauma meno.

Juzi mwanangu alinipeleka kuona hoteli anakolinda mlango. Ukumbini kimesimama kigango, kimepakwa vanishi kisioze, kimemulikwa taa kama pete ya dukani, na kiyoyozi kinampuliza usoni. Sijui kama ni babu yangu. Ni babu wa mtu. Nilivua skafu yangu nikamfunga kiunoni.

"Baba, toa! Madam wa hoteli akiona, sina kazi. Hilo ni pambo tu."

"Pambo ni wewe na hiyo sare yako! Babu yako yuko uchi."

"Baba, khalas, basi. Kuna kamera. Nina watoto."

Nikaifungua kwa mikono yangu mwenyewe. Utotoni nilimfanya avuliwe nguo kwa kutaka sifa; uzeeni nimemvua kwa kuogopa madam ambaye hata simjui. Zamani babu akisikia baridi alijua pa kwenda kulalamika. Tangu juzi nalala nikimngoja ndotoni, aje anitukane, anichape. Haji. Hata kunilalamikia hataki.