Tulivyopima Shamba la Watu

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kifuani nilivaa kibao cheusi kilichoandikwa Mzee. Ndivyo kanisa letu lilivyowaita vijana wake wanaokwenda kuhubiri, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa watu wote wa Morogoro. Wauza mboga sokoni walisoma kile kibao, wakanitazama na vindevu vyangu vitatu, kisha wakaitana waje waone. Akina mama wa umri wa bibi yangu walinipa shikamoo kwa mzaha, na mimi, badala ya kuona haya, niliwaitikia marahaba. Hicho ndicho kichwa nilichokuwa nacho.

Kanisa lenyewe makao yake yako Marekani. Wahubiri wake hutembea wawili wawili, shati jeupe na tai, miaka miwili bila mchumba, bila sinema, bila chai wala kahawa. Mimi nilitoka Kenya, kwenye vilima vya Gusii, nikavuka mpaka wa Tanzania nikijiona nimetumwa ng'ambo. Mwenzangu alitoka Marekani, kijana mrefu aliyebabuka kwa jua, aliyefundishwa Kiswahili darasani kwa wiki chache na kuachiwa Morogoro ajitafutie mengine. Alimwamkia kila aliyemwona shikamoo, hata watoto wa chekechea waliokuwa wakirudi na madaftari yao. Nilimdharau sana. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili, mimi ndiye Mwafrika, na akiuliza jambo lolote kuhusu Waluguru, wenyeji wa milima ya pale, nilimjibu papo hapo, ingawa nilikuwa nimekaa mjini pale wiki tatu tu.

Milima ilinisaidia kujidanganya. Nilitazama migomba, matuta ya mboga yaliyopanda mlima, ukungu wa asubuhi, wanawake wakishuka na mizigo kichwani, nikasema basi, hapa ni kwetu.

Kila mtu tuliyetaka kumbatiza tulimwita rafiki. Lilikuwa agizo. Marafiki walikaa kwenye simu ya kazi, kila mmoja na tarehe yake ya ubatizo, na rafiki asiyesonga mbele aliachwa ili nafasi yake apewe mwingine. Nakumbuka mchana mmoja niliwaacha marafiki sita kabla ya saa kumi, nikala embe. Leo mtu akiniambia yeye ni mwepesi wa kufanya urafiki, naomba Mungu anipitishe mbali naye.

Rafiki ninayemsimulia tulimpata barabara ya Bigwa, akipandisha baiskeli yenye gunia la pumba. Mwenzangu aliruka kusukuma kabla hajaombwa. Yule bwana alikuwa na miaka hamsini na kitu, mcheshi, mwongo kidogo, anayependa sana kusikilizwa. Tulimsukumia gunia hadi juu kabisa, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kabichi na karoti pande zote, na alipotukaribisha ndani tulitazamana kwa furaha ya wavuvi. Mkewe alikuwa mwuza mboga, mtu wa maneno machache. Alituletea chai ya mdalasini, tukaikataa na kumweleza kwa urefu madhara ya majani ya chai. Alivirudisha vikombe jikoni. Kuanzia siku ile alitupa maji ya moto matupu na ndizi za kuchemsha, kama watu wanaouguza matumbo.

Kulikuwa na mtu mwingine pale. Kila Alhamisi kaka wa yule mama alipanda na bakora yake, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akauliza habari za shamba, akachungulia stoo, na jioni akaondoka na mkungu wa ndizi. Mwenzangu aliniuliza yule ni nani. Nilimweleza kwamba kila familia ya Kiafrika ina ndugu mmoja wa kunyonya wenzake, na huyu ndiye. Akaandika kwenye daftari lake.

Rafiki yetu alisonga mbele kwa kasi. Aliacha pombe, aliacha tumbaku, hata chai aliacha mbele yetu. Kizuizi kilikuwa kimoja: yeye na yule mama hawakuwa na cheti cha ndoa. Yeye alizaliwa Mkristo, mkewe Mwislamu, na zamani zile koo mbili zilikaa, zikala, zikamaliza mambo bila shehe wala padri. Walikuwa na watoto watatu wakubwa. Kwa sheria za kanisa letu hilo lilikuwa zinaa, na hakuna kubatizwa mpaka waandikishwe bomani au watengane. Tulimwambia yule mama hivyo, sisi wenye jumla ya miaka thelathini na tisa. Alisema yeye alishaolewa, na kama serikali haijui, iende ikawaulize waliokula ule wali. Kisha akainuka kwenda kumwagilia karoti.

Hapo ndipo nilipofanya busara yangu. Tulikuwa na somo la familia, linalosema baba ndiye msimamizi wa nyumba yake kwa upendo. Mwenzangu alilisoma polepole, na mimi nikalifafanua. Wala sikufafanua, nilipika. Nilimwambia yule bwana kwamba mwanamume ndiye kichwa cha nyumba na mwenye ardhi, kwamba kwetu mwanamke huja na nguo zake tu, na kwamba nyumba ambayo shemeji anachungulia stoo ni nyumba isiyo na mwenyewe. Alinisikiliza mdomo wazi. Nadhani alikuwa amengoja maneno hayo tangu siku aliyooa.

Sikujua, na sikujisumbua kuuliza, kwamba kwa Waluguru ardhi hupitia kwa mama. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa mkewe, wenyewe wanauita lukolo. Yule bwana alihamia pale kwa wakwe zake, kama ilivyo desturi, na mwenye sauti juu ya shamba na juu ya watoto alikuwa mjomba wao, yule yule wa kigoda. Mume wa namna ile huheshimiwa vizuri kabisa, ili mradi alime na atulie. Mtoto yeyote wa shule ya msingi ya Bigwa angeweza kunieleza, lakini watoto wa shule tuliwapa picha za Yesu tu, hatukuwauliza kitu. Tatizo la yule bwana ni kwamba yeye alijua. Alikuwa na nyumba, mke na mahali pa kuzeekea, vyote kwa hisani ya ukoo wa watu, akaviweka rehani kwa sababu kijana mwenye tai amemwambia yeye ni kichwa.

Wiki iliyofuata alitupokea njiani. Alikuwa amepiga kufuli mlango wa stoo, na alikuwa na zawadi: anatoa kiwanja, pale chini ya migomba, tujenge kanisa. Kanisa la Morogoro lilikuwa nyumba ya kupanga yenye viti vya plastiki, na mimi niliona tayari picha yangu ofisini Dar es Salaam, kijana aliyepata ardhi. Mwenzangu aliuliza kwa Kiswahili chake kibovu kama mama amekubali. Nikamwambia asimwaibishe mtu mzima kwa maswali. Rafiki yetu akatoa kamba ya manila, tukaanza kupima.

Ilikuwa Alhamisi. Yule kaka alitukuta katikati ya kazi. Sikumwamkia, nilikuwa nahesabu hatua. Akasimama, mikono juu ya bakora.

"Mnapima nini, wazee wangu?"

Nilimwambia ni kiwanja cha kanisa, tumepewa na mwenye shamba. Aliuliza ni nani huyo. Nikamwonyesha kwa kidole, na rafiki yetu akainama kung'oa jani la karoti ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Hapo uliposimama kalala bibi yangu," yule kaka akaniambia. "Sogea kidogo."

Nilisogea. Samahani sikusema. Nilimwuliza kama kaburi linaweza kuhamishwa.

Yule kaka akaenda kuketi kwenye kigoda chake, na dada yake akamletea chai. Tulikunja kamba tukashuka mjini, na njia nzima nilimweleza mwenzangu kwamba shetani huinuka baraka zinapokaribia.

Tuliporudi Jumamosi, begi lilikuwa nje ya mlango, limefungwa vizuri, na baiskeli imeegemezwa kando yake. Hapakuwa na kelele wala majirani waliojaa. Rafiki yetu alikuwa ameketi kwenye jiwe amevaa koti. Yule mama alitoka, akatuamkia kwa adabu, akasimama mbele yangu, si mbele ya mwenzangu.

"Wanangu, huyu alikuja kwetu na begi na baiskeli. Akalima, akala, tukazaa, tukamheshimu. Sasa anaondoka na begi na baiskeli. Ninyi mmemwongezea nini?"

Mwenzangu aliniuliza amesema nini. Nikamtafsiria kwamba mama ana moyo mgumu.

Rafiki yetu angeweza kurudi kijijini kwao Matombo kwa dada zake, lakini mtu wa umri ule kurudi kwao na begi ni aibu isiyofichika. Akaenda Kingolwira kwa jamaa yake, akapewa kona kwenye chumba cha magunia. Mimi nilimpigia simu kiongozi wetu wa Dar kutoa taarifa ya msiba huu. Akauliza: kwa hiyo sasa hawaishi pamoja? Nikasema ndiyo, hawaishi. Akasema basi kizuizi kimeondoka, Bwana hufanya kazi kwa njia zake. Nami, naona aibu kuandika hili, nilifurahi. Sikuwa nimeliona hilo.

Tulimbatiza Jumamosi iliyofuata, kwenye bwawa la vigae nyuma ya ile nyumba ya kupanga. Nilimzamisha kwa mikono yangu. Alitoka maji yakimchuruzika, na waumini wakamwimbia, wakampa soda na kipande cha keki. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeambiwa nahamishiwa Dodoma, basi ni Jumatano. Nilikuwa nikiwaza masanduku yangu aliponivuta pembeni, bado kalowana shingoni.

Aliniambia kwamba kwao mtu aliyefukuzwa haendi kujitetea mwenyewe. Hutanguliza rafiki. Rafiki anakwenda na jogoo, anaketi chini, anapokea maneno yote makali kwa niaba yake, na wakishachoka kusema ndipo mkosaji huitwa. Asipokwenda mtu mapema, mambo hukauka, na yeye hatakuwa tena na pa kurudi. Ndugu zake wako mbali, wa karibu wanamcheka.

"Na maneno yale yalitoka kwako," akasema. "Wewe ukienda kuyarudisha, shemeji atasikia. Twende Alhamisi, atakuwepo."

Nilijua Alhamisi sitakuwapo. Nilijua pia kwamba ningeweza kwenda siku ile ile, au Jumapili, au Jumatatu, au Jumanne. Lakini niliona lile shamba, ile bakora, na mimi niliyeandikwa Mzee nimeketi chini nikisemwa kama mtoto mbele ya mwanamke aliyeniuliza tumemwongezea mumewe nini. Nikamshika mkono rafiki yangu. Nikamwambia Alhamisi, saa tatu, nitakuwa tayari.

Jumatano asubuhi nilikuwa Msamvu, kiti cha dirishani, shati limepigwa pasi. Mwenzangu alinisindikiza kituoni na kunishukuru kwa yote niliyomfundisha kuhusu Afrika. Hakuwa anatania. Basi lilipopita Gairo nilinunua karanga, nikazila zote.

Tuliruhusiwa kuandikiana kila Jumatatu. Barua ya kwanza ya mwenzangu ilikuwa ndefu. Aliandika kwamba Alhamisi alimkuta yule bwana kwenye geti letu, amenyoa, na jogoo chini ya kwapa, akiniulizia mimi. Hakumwelewa vizuri, ila alielewa kwamba mtu anatakiwa kwenda, basi akamchukua mhubiri mgeni aliyekuja kushika nafasi yangu, akabeba jogoo mwenyewe, wakapanda mlima. Alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nyeusi. Aliomba msamaha kwa maneno aliyokuwa nayo, machache na yenye makosa. Yule kaka alimsema kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, na yeye hakuelewa hata robo, akawa anaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, mpaka yule mzee akachoka, na watu wakaanza kucheka.

Mwisho walikubali. Mume arudi, alale banda la nje mpaka mavuno, wamwangalie.

Walipokuwa wakiaga, yule mama aliuliza yuko wapi yule mwingine, anayejua Kiswahili. Mwenzangu aliniandikia kwamba alijibu kuwa ninaumwa. Yule mama akaingia ndani, akatoka na mayai ameyafunga kwenye kipande cha kanga, akamwambia mpelekee mgonjwa.