Bibi Anaswali

Wiki ya nne Madame aliacha kunisahihisha Kifaransa, na mimi nikaamini kimenyooka. Nilikuwa na miaka ishirini na najiona hodari. Miaka ya tisini ilikuwa inamalizikia. Chuo changu cha Richardson, Texas, kilitupeleka Ufaransa wiki sita za kiangazi, kila mwanafunzi akae na familia ya wenyeji, tusome lugha na mwisho tufanye mtihani. Mimi niliangukia kwa Madame na mumewe, watu wazima ambao watoto wao walishahama, katika mji mdogo wenye mto na maduka yanayofungwa mchana. Madame alikuwa mwalimu mstaafu. Mezani hakuna kosa lililompita. Anaweka uma chini, ananitazama, narudia sentensi mpaka chakula kinapoa.

Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni nilikwenda kwenye kibanda cha simu mbele ya posta nikapiga nyumbani, ambako ilikuwa saa tano asubuhi. Niliyekuwa nampigia ni Bibi. Ndiye aliyenilea Unguja wazazi wangu walipotangulia Texas, kabla sisi wawili hatujawafuata, na ndiye aliyeshikilia niende Ufaransa Baba alipokuwa akisema Kifaransa hakimlishi mtu. Alikuwa na goti bovu. Sala zake tano aliziswali kwenye kiti, na za ziada, alikuwa akisema, kawaachia wenye magoti. Kwenye simu aliniuliza nimekula nini, kama naswali, na kama huyo mwanamke ananitazama vizuri. Nikirudi, nilimwahidi, nitakaa chini nimsimulie yote, siku kwa siku.

Ijumaa ya nne simu aliipokea Mama.

"Bibi anaswali," alisema. "Wewe una-study? Mtihani karibu, usi-miss class."

Sauti yake ilikuwa nzito. Nikamwuliza kama ana mafua, akasema ni AC ya kazini. Nikamwambia basi, msalimie.

Bibi alikuwa amefariki Jumanne na kuzikwa Jumatano, kwenye makaburi yaliyo nje ya mji. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari kama hiyo kwa simu, sembuse mwenye mtihani. Anafichwa mpaka afike, aambiwe akiwa mikononi mwa watu. Baba hakuishia hapo. Alikuwa akiendesha teksi ya uwanja wa ndege pamoja na Mkongo mmoja wa Haltom City, na Mkongo yule Kifaransa kwake ni maji. Akamwomba ampigie Madame, amweleze msiba na amsihi asinidokeze lolote.

"Ule mama alilia ku telefone," yule Mkongo aliniambia baadaye. "Aliniuliza mara mbili kama ni kweli mtoto asiambiwe."

Kwa hiyo Madame alijua. Siku zile nilichokiona ni kwamba makosa yangu sasa yanapita, samaki wanapikwa mara nyingi kuliko kawaida kwa kuwa nyama yao siili, na asubuhi nikitoka Madame ananirekebishia kola ambayo haijakaa vibaya. Nilidhani kanizoea. Hata niliwaringia wenzangu darasani.

Jumapili moja, mumewe akiwa ameenda kuvua mtoni, Madame alinikalisha jikoni tumenye maharage.

"Hebu nisimulie habari za bibi yako," alisema.

Nikasimulia. Jinsi alivyokuwa akinisuka nikiwa nimebanwa katikati ya magoti yake, na kila nikilia ananibana zaidi. Jinsi alivyofika Texas akaikuta barabara haina hata mtu mmoja anayetembea, akauliza kuna msiba gani. Madame alicheka, halafu akasimama kufungua bomba, akaosha maharage yaliyokwisha kuoshwa. Nilizungumza saa nzima na hakunisahihisha neno hata moja.

Ijumaa ya tano, Bibi anaswali. Ijumaa ya sita, Bibi anaswali. Texas nzima hakuna aliyekuwa mcha Mungu kama bibi yangu kiangazi kile.

Nilifaulu mtihani. Baba alikuja peke yake kunipokea, akabeba mabegi yote mawili mwenyewe, na garini, kabla ya kuwasha injini, akasema, "Bibi yako hatunaye, mwanangu."

Nikasema, "Haya." Nikafunga mkanda. Nakumbuka joto la kile kibati cha mkanda, na kwamba nilikuwa na njaa.

Nyumbani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Walikwisha kulia wiki tatu nyuma, sasa walikuja kunisaidia mimi kulia, nami sikuwa na cha kusaidiwa. Nilipewa pole, nikapewa kahawa. Kitanda cha Bibi kilikuwa kimeshatolewa, kiti chake cha kuswalia wamekisogeza dirishani na mtu amekiwekea nguo za kupigwa pasi. Nilikufa ganzi. Shangazi mmoja alininong'oneza nisijizuie, na sikuwa nikijizuia. Zawadi ya Bibi, kipande cha sabuni ya maua, ilikaa begini mpaka ikanukisha nguo zangu zote.

Siku ya pili Baba alinifuata chumbani. Hakukaa.

"Tungekwambia, unge-drop kila kitu ukaja, na maziko yashapita," alisema. "Nimekukosea?"

"Mngeniambia," nilimjibu.

Amezeeka na neno hilo. Kila mwaka hitima ya Bibi ikisomwa huniomba radhi upya, mbele ya watu, nami huinamisha kichwa kama mtu aliyedhulumiwa. Mama huninyooshea kahawa. Wanasema nina moyo mgumu, na mimi huwaacha waseme.

Baba sijamwambia bado kwamba kiangazi, saa tano asubuhi, adhuhuri ya Texas haijaingia, inabaki zaidi ya saa mbili. Hesabu hiyo niliipiga palepale kibandani, Ijumaa ya kwanza aliyopokea Mama, na nikalikumbuka lile goti na zile sala za ziada asizoziswali. Niliipiga tena Ijumaa ya tano, na ya sita. Kadi ya simu ilikuwa na dakika za kutosha kuuliza. Mara zote tatu nilisema basi, msalimie, nikakata simu.