Anayegonga Chini

Duara, yaani shimo la wachimba dhahabu, likiporomoka kule kwenye machimbo ya Geita, kwanza karasha zote huzimwa. Mashine hizo za kusaga mawe hunguruma kutwa, na zikinyamaza ghafla mchana hata kuku husimama. Kisha mtu mmoja hulala kifudifudi, sikio ardhini, huku ameshika mkono wake mwenyewe pale mshipa unapodunda. Aliye chini ya kifusi hugonga mwamba kwa jiwe, lakini anayesikiliza naye ana moyo, na hofu ikimshika moyo humgonga masikioni. Mlio unaokwenda sawa na mshipa ni wako. Usiokwenda na mshipa ni wa mtu, na huyo lazima achimbuliwe. Walio juu hugonga mara tatu kumjibu.

Mimi ndiye niliyekuwa chini. Niligonga mpaka vidole vikachubuka, nikazisikia zile tatu za juu, nikalia kama mtoto. Aliyekuwa akisikiliza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa maneno mengi asiyeweza kunyamaza hata kanisani. Wakanitoa, wakanilaza juani na kanga ya mama ntilie usoni, maana macho yalikuwa hayauwezi mwanga. Ndipo nikamsikia shemeji, bado amelala pale pale na sikio lake ardhini, akisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Tulieni. Bado kuna mtu."

Tukahesabiwa. Hakupungua yeyote. Wenzake wakamcheka, wakasema amesahau kushika mkono, amesikiliza moyo wake. Naye akacheka nao. Tulipobaki wawili nikamuuliza. "Niliushika, shemeji," akasema, na hakuongeza neno. Kwa mtu kama yule, kunyamaza huko ndiko kulikonitisha.

Nikarudi nyumbani Ibadakuli, nikaapa kuachana na dhahabu. Siku moja, nikiwa nakula ugali, moyo uliruka, ukanyamaza, kisha ukapiga teke moja zito. Nikaliweka tonge chini. Tangu hapo ukawa mchezo wake wa kila siku. Majirani, ambao kwa ugonjwa wa mwenzao hawana uchoyo, kila mmoja akanigawia wake: huyu presha, yule vidonda vya tumbo. Mmoja akanong'ona kwamba kule shimoni nilitoka na mtu. Huyo nilimchukia, kwa sababu nami nilikuwa nimeshawaza hivyo.

Maana nilikuwa nikijilaza ubavu mchana, sikio kwenye godoro, nimeshika mkono wangu kama msikilizaji. Mlio, mshipa. Mlio, mshipa. Kisha mlio, na mkononi hakuna kitu. Kwa kanuni ya machimboni, huyo si mimi.

Hospitali walinibandika nyaya kifuani. Daktari, binti mpole, akanieleza kwamba pigo lile linawahi kabla moyo haujajaa damu, ndiyo maana halifiki mkononi. Kwa vipimo vyangu halina hatari, akasema, kinachonimaliza ni hofu. Nilimwelewa. Nilimwamini pia, mpaka nilipolala tena. Nikaacha kwenda shambani, kisha nikaacha kutoka hata uani, nikiamini kwamba nikisimama tu moyo utazimika na watoto watanikuta sakafuni. Mke wangu akawa ananiletea chakula kitandani kama mzazi aliyejifungua jana.

Mchana mmoja, mahindi yakiwa yameanikwa uani na nyumba imetulia, alikuja akakaa kando yangu. Nikamweleza yote, mpaka yale aliyoyasema kaka yake. Nilijua atacheka, ukoo wao ni wa kucheka. Hakucheka. Akalaza sikio kifuani pangu, akanishika mkono, akatafuta mshipa. Alikaa hivyo mpaka nywele zake zikaniwasha kidevu. Kisha nikahisi shingo yake imekakamaa.

"Mayo wane," akanong'ona, akimlilia mama yake kwa Kisukuma. "Yupo kweli."

Nilikuwa nataka aniambie hakuna kitu. Badala yake akakunja ngumi, akagonga ubao wa kitanda mara tatu, polepole, kisha akarudisha sikio lake kifuani.

Sijui nielezeje. Moyo haukuacha kuruka, na mpaka leo unaruka. Lakini miezi yote ile kulikuwa na mtu humu ndani anagonga, na ndiyo kwanza amejibiwa. Machozi yakanitoka, yakatiririkia masikioni.

"Vuta," nikamwambia. Ndilo neno tunalopaza tukiwa chini, kamba ikishafungwa kiunoni.

Akanishika mikono yote miwili, akakanyaga tendegu la kitanda, akavuta. Nilikuwa mzito. Akavuta tena, nikasimama, tukatoka pamoja kwenda kugeuza mahindi.