Kofia Aliyoipenda Suud

Mdogo wangu Suud si mtu wa kuandikwa magazetini. Alikuwa karani wa wizara moja kule Maskati ya zamani, kazi yake kupokea barua na kuzigonga muhuri, na ikifika saa nane na nusu mchana yumo garini anarudi kwake Al Khoudh. Kabla hata hajawasha gari anakivua kilemba cha kazini, anakitupa kiti cha nyuma, anavaa kofia yake. Hapo ndipo uso unapomkunjuka.

Kofia zenyewe nikimshonea mimi. Sipendi kujisifu, lakini hapa nitajisifu: sisi tuliotoka Unguja, mtu akitaka kujua kofia yake ni nzuri au ni takataka, huileta kwangu Qurum, kwa Bi Mahfudha. Nnaishika, nnaigeuza ndani nje, maana kofia kwa nje hudanganya. Nnatazama viua, vile vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Vikiwa sawasawa nnasema, visipokuwa sawa nnasema vilevile. Wako waliotoka kwangu wanafuta machozi, nami sikujali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Suud hakuwa na jicho hata kidogo. Yeye alipenda vitu tu, basi. Mwaka tisini na tatu alinunua makochi ya kijani kibichi, nikamwambia nyumba sasa imekuwa kama kwa daktari wa meno. Akasema kweli, lakini yeye anayapenda, akakaa akanyoosha miguu. Chai yake aliitia iliki mpaka ikawasha koo. Mgeni akikunja uso, Suud anamkaribisha kikombe cha pili, na furaha ile ikimfanya mgeni akubali. Nilimpenda sana ndugu yangu huyu, na kila siku alinipandisha hamaki.

Mkewe, Rahila, ni Mmanga, Mwarabu wa Omani kama sisi, lakini kwao Tabora. Mwanamke mwema, mcheshi, mkono wake wa kupika hauna mfano. Ila nilikuwa nikisema, Mungu anisamehe, tena nikisema mwenyewe yupo anasikia, kwamba watu wa bara na kofia wapi na wapi. Kumbe yeye, mwaka tisini na nane, kachukua kitambaa, sindano na uzi, kaanza kumshonea mumewe kofia bila ya kuniuliza chochote. Alishona miezi kumi na minne.

Nilipooneshwa, lo, nilikaa kitako. Viua vyengine vikubwa vya kupita punje ya mtama, vyengine vimejifunga kabisa. Maua manne, matatu yana petali sita, la nne lina tano. Rangi ya zambarau na ya embe bivu, pamoja, kichwani kwa mtu mzima. Nikaigeuza ndani: nyuzi zimevukana kama barabara za Ruwi. Nikamwambia Rahila, mbele ya mumewe, kuwa kwa anayejifunza si mbaya, aiweke ndani awe anaitazama. Rahila akaikunja polepole akaitia mfukoni.

Suud akamwomba, akaikunjua, akaivaa. Na akawa haivui. Kipenda roho hula nyama mbichi, na ndugu yangu nyama yenyewe aliitia kichwani, akaenda nayo sokoni, msikitini, kila pahala. Watu wakanipigia simu kuniuliza kama jicho langu limeingia ukungu.

Nilivumilia mpaka ikaja nikahi ya Balqis, binti yao wa pekee. Wengi siku kama hiyo huvaa kilemba, lakini Suud alikwisha sema kilemba cha wizara kinamtosha. Kwa hivyo atakaa mbele ya kadhi, yeye ndiye walii, mwenye kumwoza binti, na wakwe wote, watu wanaozijua kofia, watamtazama kichwani. Na kila mtu anajua kofia za Suud zinatoka kwangu. Miezi minane nilimshonea moja nyeupe kwa hariri nyeupe, viua vyake kama vimepigwa kwa mashine. Jina langu lote lilikuwa mle.

Alhamisi ya nikahi, baada ya sala ya adhuhuri, nikamkuta sebuleni kwake amekwisha vaa kanzu, na kichwani lile embe na zambarau. Nikampa yangu. Akaishika kwa mikono miwili, akaisifu kwa dhati, akaiweka mezani. Nikamwambia anakwenda kutuaibisha.

"Dada," akasema, "yako nikiivaa watu huitazama. Hii nikiivaa nafurahi mimi. Leo namwoza mwanangu, nnataka kufurahi."

Nikasema furaha haiondoi makosa. Hakukasirika. Akakaa karibu yangu akaniuliza:

"Katika zote ulizoshona, ipi uliyoipenda?"

Nikamtajia ile ya buluu iliyopelekwa Salala, waliyoigombania watu. Akatikisa kichwa.

"Hiyo waliipenda wao. Wewe je?"

Nilizipitia zote kichwani, miaka thelathini ya kofia, na katika kila moja nilikumbuka kosa lake tu. Mwisho Suud akanipiga bega, akatoka kwenda msikitini, na kofia yangu ikabaki mezani.

Alasiri nyumba ikajaa wanawake. Habari ikaja kuwa nikahi imefungwa, vigelegele vikapaa, na Suud akaingia kumbusu binti yake, uso wote meno. Kofia ilikuwa imemwendea upande. Sijapata kumwona mtu aliyevaa vizuri kama alivyovaa yeye siku ile, na nnalisema hili mimi.

Rahila akanivuta pembeni. Akaniambia kwa sauti ndogo kuwa anajua kofia yake ina makosa, akaniomba nimfundishe viua vidogo. Nilikuwa nikilingojea ombi hilo tangu aolewe.

"Sikufundishi, wifi," nikamwambia. "Nikikufundisha utashona vizuri, na hutafurahi tena. Mie nnajijua."

Hakunicheka. Alinishika mkono akanikalisha kwenye kochi la kijani, nami nikalia mbele ya wageni wote, wakadhani namlilia bibi harusi.