Pikapu Iliyoshikwa na Homa

Nilimwahidi mama kwamba nikija kuandika habari za pikapu ya baba, nitaandika kweli yote. Basi naanza na harufu: asidi ya betri, ikwamayo kooni, ikichanganyika na vumbi baridi la alfajiri ya kijijini kwetu Kanyangi. Ulikuwa msimu wa kuvuna ndengu, nami nilikuwa na miaka tisa. Pikapu ilikuwa imekataa kuwaka kwa ufunguo, na baba alikuwa amejipatia dawa yake: aliiegesha mtelemkoni, majirani wakaisukuma, ikanguruma, tukaenda sokoni. Mwenye kuzoea kusukumiwa hatafuti ugonjwa. Jioni moja aliiacha uani, penye tambarare, ili apakie magunia. Kulipokuwa kunapambazuka, mdogo wangu Mumbua aliamka mwili ukiwaka moto, hawezi kusimama.

Wanaume watano walisukuma gari ili apelekwe zahanati, magurudumu yakazama mchangani. Baba akazungusha ufunguo, injini ikajibu "ta!" moja tu, ikanyamaza. Jirani yetu Mutua alisema betri imekufa. Abdi mwenye duka akaleta betri yake ya sola kwa toroli, wakaifunga. Ta!

"Wallahi, betri yangu ni nzima," Abdi akajitetea. "Redio inaimba nayo usiku kucha!"

"Basi gari limeokoka, Baba Musyoka," Mutua akacheka, akimwita baba kwa jina langu. "Sokoni halitaki tena, linangoja Jumapili."

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Pale palikuwa na wengi, na neno lilikuwa linaharibika. Mama alikuwa amesimama mbele ya gari, Mumbua mgongoni. "Taa zinawaka vizuri," alisema, "lakini ukizungusha ufunguo zinakufa. Ukiachilia, zinafufuka."

"Mama Musyoka, hii ni gari, si mtoto," baba akamkatiza.

Tangu alfajiri mama alikuwa amempima Mumbua homa kwa mgongo wa kiganja. Sasa aliupeleka mkono uleule kwenye nyaya za betri, akamwomba baba ajaribu tena, na tena. Waya mmoja ulikuwa baridi. Wa pili, pale kichwa chake kinapoibana betri, ulimchoma. "Homa iko hapa," alisema. Betri ilikuwa imebadilishwa, ila kichwa kilikuwa kilekile, kimejaa ukoga mweupe. Akaleta maji ya moto yenye magadi ya kupikia maharagwe, akaumwagia ukoga ukatoka povu. Abdi akakwangua kwa kisu, baba akakaza nati. Ufunguo ulipozungushwa, gari liliwaka mara moja.

Mumbua alifika zahanati kabla jua halijapanda. Ilikuwa malaria, akapona. Sokoni sifa zilimwendea baba, naye hakuzikataa. Mimi nilivuka mpaka: shuleni nilisimulia kwamba baba aliliponya gari kwa mikono yake. Habari zilipomfikia mama, aliniuliza tu, "Na wewe, hukuwepo?" Hapo ndipo nilipoahidi.

Chuoni, nikisomea ufundi wa magari, nilifundishwa kupima kwa mita umeme unaopotea kwenye kiungio kibovu. Leo mita hiyo hunipa jibu kabla waya haujapata joto, na sina haja ya mtelemko. Lakini bado nikipita soko la Kambu naona wanaume wamelizunguka boneti, na kando yao mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza ameona nini. Ukiisimulia habari hii, usiseme Mama Musyoka. Jina lake ni Kalondu, tafadhali litaje.